Mikono Mipole ya Sylvanus

Phanice alipoambiwa kwamba Jumapili marehemu mumewe angemshika mkono mbele ya wageni, alilibwaga karaini lile jiwe alilokuwa akilisugua. Maji yaliruka yakamlowesha Abner suruali yote.

"Rudia," alisema. "Rudia nisikie vizuri, shemeji."

Abner alijipangusa mapaja huku akilazimisha tabasamu. Alikuwa mdogo wake marehemu Sylvanus, na tangu mazishi ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa kikundi cha wachongaji cha Tabaka. Cheo hicho alikirithi kama mtu anavyorithi koti, maana yeye mwenyewe hajawahi kuchonga hata kijiko kikakaa sawa. Ubavuni pake alisimama msichana wa mjini aliyekumbatia kisanduku cheusi. Jina lake Mitchell, kwao Homa Bay, na alifanya kazi katika kampuni iliyofungua kituo cha kufundishia uchongaji Kisii mjini.

"Si yeye mzima, mama," Mitchell alisema kwa adabu. "Ni mikono yake tu."

Mikono tu! Ati mikono tu! Kwani huyu mtoto alidhani Phanice alikuwa na ugomvi na miguu?

Mitchell alichuchumaa, akafungua kisanduku juu ya kigoda. Ndani mlikuwa na miwani mikubwa na glavu mbili nyeusi, nyembamba kama soksi za kanisani, zenye nyaya zilizopita mgongoni mwa kila kidole na kitufe kidogo kwenye kila ncha. Alieleza taratibu, na haki yake tumpe, alieleza vizuri. Ukivaa miwani, meza iliyo tupu unaiona ina jiwe. Ukivaa glavu, lile jiwe ambalo halipo unalishika, maana glavu zinabana na kulegea mpaka vidole vinaamini. Sasa wao walikuwa wamemrekodi Sylvanus kabla hajafa. Alivaa glavu kama hizo akachonga, na kila kitu kilichofanywa na vidole vyake kikahifadhiwa. Mwanafunzi akivaa leo, anaiona mikono ya Sylvanus mbele yake, na ile mikono inamshika yake na kumwongoza.

Phanice alikumbuka vizuri majira hayo. Gari la kampuni lilikuwa likija kumchukua asubuhi, na Sylvanus akaanza kuvaa shati jeupe la Sabato katikati ya wiki. Alijigamba soko zima kwamba wazungu wamekuja kusoma vidole vyake. Kisha presha ikamwangusha akiwa njiani kutoka machimboni, na shati jeupe likawa la kuzikiwa.

"Wanafunzi wanampenda sana," Mitchell aliendelea. "Wanamwita Mwalimu Mpole. Unajua, mama, tulikuwa tunampelekea watu wakosee makusudi, tuone atafanya nini. Hakuwahi kukasirika hata siku moja. Ukiharibu, anakupigapiga mgongo wa mkono, hivi, polepole, mnaanza upya. Hakuna mashine iliyomfundisha hilo. Ni yeye mwenyewe."

Phanice aliangua kicheko, kikakatika ghafla.

"Mpole," alisema.

"Sana, mama."

"Haya."

Mitchell alikuwa ameshaona ile mikono yake mwenyewe Phanice, imekaa kwenye ukingo wa karai. Vidole viwili vya mwisho vya mkono wa kulia vilikuwa vimepinda kuelekea kiganjani na kugoma hapo. Msichana akakunja uso kwa huruma. "Pole, mama. Vidole vilifanya nini?"

"Jiwe lilimwangukia," Abner alidakia kabla Phanice hajafungua mdomo. "Kazi yetu hii ina ajali."

Phanice alimtazama shemeji yake. Alimtazama mpaka Abner akageuka kuangalia migomba, kana kwamba amesikia ndizi zikimwita.

Jiwe, ndiyo. Jiwe lilikuwepo, lakini halikumwangukia mtu.

Hapa Tabaka kazi imegawanywa tangu zamani. Mwanamume ndiye anayechimba na kuchonga. Mwanamke hagusi patasi, ila kazi ikitoka mikononi mwa mumewe ikiwa na makovu ya tupa, yeye huketi kwenye maji na msasa akaisugua mpaka ing'ae. Mwanamume anasifiwa, mwanamke analowana. Na jiwe letu ni laini, msasa unakula. Ukisugua shavu likapendeza, ukapitiliza kidogo tu, pua imekwenda. Sylvanus alijulikana kwa sanamu za mama na mtoto, jiwe moja, nyuso mbili zimegusana, pua nyembamba kama ncha ya jani la chai. Siku moja Phanice alisugua akiwa na homa, kichwa kinamzunguka, na alipolitoa jiwe majini yule mama hakuwa na pua.

Sylvanus hakupiga kelele. Huyo hakuwa mtu wa kelele, kelele husikika na majirani. Aliuchukua mkono wa mkewe akaulaza juu ya ile sanamu, akageuza panga, akatumia mpini. Alipomaliza alimwambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Utasema jiwe lilikuangukia." Phanice akasema. Akasema kwenye zahanati, akasema kanisani, akasema kwa mamake mzazi. Bintiye Purity alipofunga shule ya bweni na kurudi nyumbani, akamwambia na yeye.

Na haikuwa mara moja, wala haikuwa vidole tu. Lakini kila likizo, mtoto akiwa nyumbani, Sylvanus alikuwa baba wa kupigiwa mfano, anachonga vinyago vya kuchezea, anacheka, anambeba Purity begani mpaka machimboni. Phanice akaona heri. Alisema moyoni, angalau mtoto ana baba, mimi nitajikaza. Alijikaza mume akiwa hai, akajikaza kaburini udongo ukimwagwa, na wanakijiji walipomlilia mtu mwema naye akalia nao. Nani angejua analia nini?

"Siji," alimwambia Abner sasa. "Mwoneshe yeyote unayetaka. Mimi siji."

Abner alimwomba Mitchell akangoje barabarani. Msichana alipofika mbali, tabasamu la Abner nalo likaondoka.

"Mama Purity, tusisumbuane. Wageni wanatoka mbali. Wanataka kumwona mjane akishikwa mkono na mumewe, hiyo ndiyo itawatoa machozi, na wakitoa machozi watatoa na pesa, kikundi kizima kinanufaika. Ukikataa wataniuliza kwa nini. Nitasemaje?"

"Sema ukweli."

"Upi?" Abner alisogea. "Sema basi, upi? Mtu amelala kaburini, hawezi kujibu. Utamwambia Purity nini? Mtoto ambaye anakwenda kwenye kile kituo kila siku kwa sababu ya baba yake? Na tena, shemeji, hayo mawe ya kusugua unaletewa na nani? Si mimi?"

Phanice alihisi damu inampanda mpaka masikioni. Alitamani kumtia Abner karaini kichwa chini miguu juu. Badala yake aliokota msasa wake, akainama, akaendelea kusugua kwa nguvu zote, na Abner akachukulia hiyo kuwa ndiyo.

*

Purity alirudi jioni na boda boda kutoka mjini, uso unamwaka kwa furaha. Msichana huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne na alitaka kuchonga, si kusugua. Machimboni wanaume walimcheka wakamfukuza. Lakini kwenye kile kituo hakuna machimbo, hakuna wazee wa kukukodolea macho, kuna meza tupu na glavu. Humo Purity alikuwa akichonga kuliko wavulana wote.

Alikaa kwenye kigoda jikoni, akamtazama mama yake akisonga ugali.

"Mama, wamesema utakuja! Aki utapenda. Leo nilikosea shavu la mtoto, nikalikata lote. Unajua alifanya nini Tata?" Ndivyo alivyomwita babake tangu akiwa mdogo, kama watoto wote wa nyumba hizi. "Akanipigapiga hapa mgongoni mwa mkono. Nikalia, Mama. Mitchell akaniuliza kama anizimie, nikakataa. Nilitaka anishike tu."

Mwiko ulizama kwenye ugali, ukakwama. Phanice aliusukuma kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia ukimsaidia kwa vidole vitatu.

"Purity, mimi sitaki kwenda."

"Kwa nini?"

Mdomo wa Phanice ulifunguka. Maneno yalikuwa pale pale, yamejipanga, yamengoja miaka. Aliutazama uso wa mwanawe, macho yale makubwa ambayo hayakuwa yameona kitu, akayameza.

"Nimechoka tu."

"Kwani hukumpenda?" Purity aliuliza. "Tangu azikwe hujawahi hata kumtaja. Watu wanazungumza habari zake, wewe unatoka nje. Mimi nakuona, Mama. Hukumpenda Tata?"

Lo! Hilo lilimchoma kuliko mpini wa panga. Yaani yeye, aliyemlinda huyu mtoto na uongo kwa gharama ya mwili wake, sasa ndiye mbaya. Yule wa kaburini ndiye mpole, na huyu wa jikoni ndiye mwenye moyo wa jiwe. Alitaka kupiga mayowe mpaka paa ling'oke.

"Nitakuja," alisema. "Kula."

*

Jumapili kituo kilijaa pomoni. Ulikuwa ukumbi mkubwa kwenye ghorofa ya juu, viti vya plastiki vimepangwa, na mbele meza moja tupu. Nyuma ya meza, ukuta mzima uliwashwa picha, ili kile anachokiona aliyevaa miwani kionwe na kila mtu. Wageni wa Nairobi na wazungu wao walikaa mbele. Nyuma yao walikaa watu wa Tabaka, akina mama wa kanisa na vitambaa vyao vya kichwani, wachongaji waliooga, na mzee wa kanisa Obadiah aliyeombwa kufungua kwa sala.

Obadiah alimshukuru Mungu kwa mikono ya upole aliyompa ndugu Sylvanus. Watu wakasema amina. Phanice alikaa kwenye kiti chake akihesabu vigae vya sakafu.

Mgeni mmoja wa Nairobi alijitokeza kwanza, bwana mwenye suti, akavaa vitu vile. Ukutani ikatokea mikono ya Sylvanus. Ukumbi mzima ulivuta pumzi. Ilikuwa yeye, jamani, si mchezo. Ile mishipa, kile kifundo kinene cha kidole gumba, ukucha uliopasuka. Mikono ikamshika yule bwana ikampeleka juu ya jiwe, naye akatabasamu kama mtoto anayenyonya.

"Ajabu," alisema kwenye maikrofoni. "Anakushika kama ameshika yai."

Makofi yakapigwa. Yai! Phanice alizidi kuuma meno.

Kisha Abner akashika maikrofoni kwa mikono miwili, akabadilisha sauti ikawa ya msibani. Alisimulia jinsi kakake na mkewe walivyopendana. Alisimulia nyumba ambamo halikuwahi kusikika neno baya. Alisema leo, kwa neema ya teknolojia, kifo kimeshindwa, na mama huyu atashikwa tena na mkono aliouzoea. Wageni wengine walikuwa wameshatoa vitambaa vya kufuta machozi hata kabla ya kuona cha kuliza. Purity, aliyekuwa amesimama kando na wanafunzi wenzake, alimpungia mama yake na kumwonyesha kwa midomo: njoo, usiogope.

Ni kwa ajili ya huyo Phanice aliinuka.

Mitchell alijaribu kumvisha glavu ya kulia. Ilifika kwenye vile vidole viwili ikagoma.

"Nyoosha kidogo, mama."

"Havinyooki."

"Kidogo tu."

"Nimesema havinyooki!"

Abner alicheka kwenye maikrofoni, akawaeleza wageni kwamba jiwe lilimwangukia mama, kwamba hata mwili wake umebeba alama ya sanaa. Wageni wakaguna kwa huruma. Mitchell alikimbia kabatini akarudi na glavu kubwa zaidi, zilizochakaa. "Hizi zitakutosha. Ndizo alizovaa yeye mwenyewe." Alisema hivyo akidhani anampa zawadi.

Zilimtosha. Mkono wake uliingia ndani ya mahali palipokuwa na mkono wa Sylvanus, na jasho likamtoka mgongoni. Miwani ikashuka usoni. Meza haikuwa tupu tena. Jiwe lilikuwa pale, la rangi ya maziwa lenye michirizi myekundu, mama na mtoto wameshaanza kutokeza. Na ng'ambo ya jiwe ilikuwepo mikono isiyokuwa na mtu, imekatikia kwenye vifundo, viganja juu, imengoja.

Phanice alisimama. Hakusogeza mkono wake, ila ile mikono ilimfuata alipo. Ikamshika.

Ilimshika taratibu. Alihisi vidole vikipita juu ya vyake, uzito wake, joto ambalo huenda lilikuwa la kwake mwenyewe. Ilimwekea tupa kiganjani, ikamfunga vidole kimoja kimoja, ikamsogeza kuelekea uso wa yule mama wa jiwe. Tupa ikapita shavuni. Ikapita kwenye kidevu. Watu waliona ukutani, wakaanza kupiga makofi ya chini chini. Ikafika puani.

Vidole viwili vilivyopinda havikuweza kuibana tupa. Ikateleza.

Pua ilikatika. Ukutani kila mtu aliiona ikiruka na kupotea.

Kilichofuata Phanice hakukifanya yeye, kilifanywa na mwili wake. Alijikuta sakafuni, amejikunyata chini ya ukingo wa meza, mkono wa kushoto umeziba kichwa na wa kulia ameuficha kwapani. Sauti ikamtoka, nyembamba, ya haraka, sauti ambayo hakuna mtu wa Tabaka aliyewahi kuisikia mchana.

"Nisamehe, Baba Purity! Nisamehe, sirudii tena, sirudii, usinipige mkono, sirudii!"

Maikrofoni ya Abner ilikuwa karibu, ikayachukua maneno yote ikayatawanya ukumbini.

Wavulana wawili watatu walicheka, wakidhani mama ameogopa mashine. Kicheko kikafa peke yake. Kisha watu wazima wakaelewa, wakatamani wasingeelewa.

Na hapo, kwapani, glavu ikaanza kumvuta. Taratibu. Mikono ya Sylvanus ilikuwa imeinama juu ya meza kumtafuta. Ilimpata. Ikampigapiga mgongo wa mkono, pole, pole, kama mtu anayembembeleza mtoto alale, ikamwonyesha jiwe jipya lililokwisha kutokea mezani. Njoo, tuanze upya.

Phanice aliiangalia. Hofu ilikuwa imejaa mwili mzima mpaka nywele, na sasa aliihisi inashuka, inashuka, na nyuma yake inapanda hasira ambayo hajawahi kukutana nayo. Aliinuka akajishika meza.

"Kumbe unajua," alisema.

Mikono ikampigapiga tena.

"Kumbe unajua! Ala! Kumbe hata pua ulijua kuisamehe! Sylvanus, wewe, mimi nilidhani huna upole. Nilidhani mawe yamekuharibu mikono, kwamba hujui uzito wake. Nilidhani ndivyo Mungu alivyokuumba, nikakuombea. Nilifunga, sikula, nikakuombea! Nikajiambia si kosa lake, mikono yake ni mizito. Kumbe ilikuwa mizima! Kumbe kila asubuhi ulitoka nyumbani ukaja hapa kuwapigapiga watoto wa watu mgongo wa mkono, polepole, halafu jioni ukarudi kwangu! Ulichagua! Ulikuwa unachagua!"

"Zima hiyo," Abner alimwambia Mitchell huku ameuma meno. Kwa wageni akageuka na uso wa huzuni. "Shemeji amelemewa na majonzi. Tutamwombea. Mzee Obadiah, tafadhali..."

Obadiah aliinuka nusu, akatazama huku na huku, akaketi.

Mitchell hakuzima. Alikuwa amesimama na kidude cha kuzimia mkononi, midomo wazi, akimtazama Phanice vile vidole.

Purity alikuwa akija. Alipita katikati ya wageni bila kuomba njia, akafika mbele, akamvua mama yake miwani. Kisha akashika glavu ya kulia akaanza kuivua, kidole kwa kidole, mpaka akafika kwenye vile viwili. Hapo alisimama. Alivigeuza, akavitazama kana kwamba ndiyo mara yake ya kwanza kuviona.

"Mama, lile jiwe lilianguka kutoka wapi?"

"Purity..."

"Kutoka wapi?"

Hiki ndicho Phanice alichokilinda maisha yake yote, kiko mbele yake kinamngoja akivunje kwa mkono wake mwenyewe. Na alikuwa na hasira sana hata asingeweza kudanganya tena.

"Hakukuwa na jiwe, mwanangu. Nilisugua pua ikaisha. Alitumia mpini wa panga."

Purity hakulia. Alitazama kiganja chake mwenyewe, kile kilichoshikwa na kupigapigwa siku nyingi zote hizo, akakipangusa kwenye sketi. Akakigeuza, akapangusa na mgongo wake. Akapangusa tena, kwa nguvu, mpaka Phanice akamshika mkono.

"Nisamehe," Phanice alisema. "Nilitaka uwe na baba. Nisamehe, mama."

"Wacha! Usiombe msamaha hapa," Purity alisema, na sasa sauti yake ilikuwa kali kuliko ya mama yake. "Umeomba wa kutosha. Sote tumekusikia."

Aliiweka glavu mezani. Ukutani mikono ya Sylvanus ilikuwa bado imewashwa, viganja juu, inamngoja mwanafunzi mwingine. Maana ndivyo mashine ilivyo, haijui aibu.

Abner naye hakuijua. Alikohoa, akashika maikrofoni, akajaribu kutabasamu kwa wageni. "Basi, ndugu zangu, haya ni mambo ya nyumbani, yana wakati wake. Programu yetu inaendelea. Nani anafuata? Karibuni, msiogope. Nani anafuata?"

Hakuna aliyesogea. Yule bwana wa suti alikuwa ameficha mikono mifukoni. Wachongaji walitazama chini. Akina mama wa kanisa walimtazama Phanice, na mmoja wao, kisha mwingine, akaanza kulia bila kuziba uso.

"Nani anafuata?" Abner alirudia, sauti imepanda.

Phanice alikuwa ameshafika mlangoni akiwa ameshikana na Purity. Alisimama. Aligeuka, na hakuhitaji maikrofoni.

"Nenda wewe, shemeji," alisema. "Nenda ushikwe. Kati ya nyumba yako na yangu kuna migomba tu. Nilipokuwa nalia, ulikuwa ukiongeza sauti ya redio."

Watu wote wakageuka kumtazama Abner, na mkewe Abner, aliyekuwa kwenye mstari wa tatu, akainamisha kichwa.